Saa Mbili na Nusu Hadi Lusaka

Shida zangu zilianza mwaka 1965, nikiwa na miaka tisa. Mama yangu alijifungua mtoto wa kiume kule Kilema, mlimani Kilimanjaro, wakati wa masika, na baba yuko Arusha Chini anakata miwa. Kwetu mwanamke akijifungua hashiki kazi. Analazwa, anafunikwa, anachinjiwa, anapikiwa mtori wa ndizi na nyama asubuhi na jioni, na wanawake wa ukoo wanapokezana kumhudumia mpaka siku anapotoka nje amenenepa, uso unang'aa. Mama hakupata hayo. Bibi alikuwa mgonjwa wa kifua, baba hayupo, na ng'ombe alitaka majani. Wiki ya pili mama akaamka kwenda kukata majani mwenyewe. Hakumaliza mwezi. Watu walisema ni damu. Mimi nilikuwepo, nasema ni kukosa mtu wa kumlaza na kumlisha.

Mtoto akabaki mikononi mwangu. Nilikuwa darasa la tatu, nikatoka na sikurudi. Huyo mdogo wangu nilimlea kwa maziwa ya ng'ombe na ndizi za kuponda, na leo ni mwanaume mwenye kitambi anaishi Tanga, kwa hiyo nilijua ninachokifanya.

Nimeanza na hayo ili mtu asije akasoma habari ya chupa yangu ya mtori akacheka tu bila kujua.

Ndizi ndizo zilizonitoa. Nilianza kubeba mkungu mmoja kichwani kutoka Kilema mpaka soko la Kiboriloni, miguu mitupu. Baadaye mikungu ikawa ya kupakiwa kwenye lori. Nilipofika umri wa kuolewa tayari nilikuwa napeleka ndizi Dar es Salaam, na wanaume wazima wananisubiri mimi ndio niseme bei. Shule sikumaliza, lakini kusoma najua na kuandika najua, na haya nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Mume wangu nilimpata kwenye ndizi hizo hizo. Alikuwa utingo wa lori, kijana mwembamba wa Kibosho, grisi mpaka masikioni. Siku ya kwanza alinyanyua mkungu wangu akaguna, akaniuliza kama nimeweka mawe ndani. Nikamwambia kama hawezi akae pembeni nipakie mimi, mkungu kwanza, halafu nimpakie na yeye. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye hakucheka, aliniangalia tu. Wiki iliyofuata alikuja na shati safi.

Baadaye alipata leseni, akawa dereva wa malori ya Lusaka. Hiyo ndiyo barabara iliyomzeesha. Yeye anaondoka Dar na mzigo, mimi nabaki Kibosho na watoto na migomba, simu hakuna. Akirudi, kabla hajavua viatu, ananisimulia njia. Chalinze. Morogoro. Mikumi, tembo wamesimama barabarani hawana haraka. Kitonga, mlima wa kusali. Iringa, Makambako, Mbeya, Tunduma. Pale Tunduma lori linakaa kwenye foleni mpaka dereva anafahamiana na kuku wa mtaa. Ukivuka mpaka, upande wa Nakonde, unarudisha saa yako nyuma saa nzima, halafu ni miti, miti, miti, Mpika, Kapiri Mposhi, na siku moja unaona taa za Lusaka. Majina hayo niliyashika kama wengine wanavyoshika rozari. Nilikuwa nayataja jikoni nikimenya ndizi, ndiyo ilikuwa namna yangu ya kujua yuko wapi.

Basi kitinda mimba wetu alipopata kazi Lusaka, kwenye kampuni ya mizigo, na baadaye akapata mume huko huko, Mzambia mrefu mwenye adabu, mzee wangu alishinda migombani kutwa nzima. Jioni ndipo akasema, "Huko nakujua. Ni mbali."

Mtu aliyeendesha barabara ile miaka yote hiyo akikuambia ni mbali, unamwamini.

Mimba mbili zilimtoka binti yetu. Ya tatu ikakaa. Kwa desturi angekuja nyumbani nimlaze mimi, lakini daktari alimkataza kusafiri, hata kupanda ngazi alimkataza. Akajifungua kwa kupasuliwa, mtoto wa kike, mzima, sauti kama honi. Tulimsikia kwenye simu, mzee akasema huyu atakuwa dereva. Tukashukuru Mungu, tukalala vizuri.

Siku chache baadaye, wakiwa wamesharudi nyumbani kutoka hospitali, mkwe wangu akapiga simu. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini siku hiyo kilinyooka. Alisema mke wake hali chakula. Amegeukia ukuta. Maziwa hayatoki, mtoto analia, na mama yake mkwe wangu, aliyekuja kuwasaidia, amepika kila anachokijua, binti anaonja kijiko kimoja anarudisha.

"Mama, naomba uje," akasema. "Anaisha."

Neno hilo nilikuwa sijalisikia likisemwa juu ya mzazi tangu mwaka ule wa mama yangu.

Kesho yake nilishuka Moshi mjini kwenye ofisi ya tiketi za ndege. Pasi ya kusafiria nilikuwa nayo tangu harusi ya binti, imekaa kabatini haina hata muhuri mmoja. Pale ofisini nikamkuta binti mwenye kucha ndefu, akaniamkia shikamoo vizuri kabisa, akabonyezabonyeza kompyuta yake. Nikamuuliza Lusaka ni mbali kiasi gani. Nilitaka kusikia kwa mtu ambaye si mume wangu.

"Bibi, kutoka Dar ni saa mbili na nusu tu," akasema. "Unakunywa chai, unatua."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Saa mbili na nusu. Mimi kutoka Kilema kwenda Kiboriloni na mkungu kichwani nilikuwa natumia muda zaidi ya huo. Nilikaa kwenye kiti chake pale nikajiona mjinga, na nikamwona mume wangu mwongo, miaka yote ananisimulia Kitonga na foleni za Tunduma kumbe watu wanakunywa chai wanatua.

Yule binti alisema na mengine. Alisema kuna ndege nyingine kwanza, ya kutoka uwanja wetu wa KIA mpaka Dar, na kusubiri hapo, na kufika mapema kwa ajili ya ukaguzi. Niliyasikia. Lakini mimi kichwani nilikuwa nimeshaanza kupika. Nina chupa ya chai kubwa, ya chuma, ambayo ukitia kitu cha moto alfajiri, jioni bado kinaunguza ulimi. Saa mbili na nusu kwangu ilikuwa ni sawa na kuupika mtori Kibosho na kuupakua Moshi mjini. Binti yangu angekula mtori wa migomba yetu, nyama ya mbuzi aliyechinjwa na baba yake, kutoka kwenye chungu changu. Kama nisingeweza kumleta kitandani kwangu, chungu kingemfuata.

Nikampigia simu nikiwa bado mjini. Sauti yake ilikuwa nyembamba, kama ya mtu aliye chumba cha tatu. Nikamwambia, "Kesho kutwa mchana unakula mtori wangu. Wa moto. Usijishibishe na vitu vingine."

Akaniuliza, "Wa nyumbani, mama?"

"Wa nyumbani."

"Basi nitausubiri."

Nyumbani mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amekaa kwenye benchi lake, goti bovu amelinyoosha.

"Mama, chukua mwiko wako tu," akasema. "Ndizi utazikuta huko. Malori yanapakia ndizi Tukuyu, kule Mbeya, yanavuka Tunduma. Nimeyapita mara ngapi yale."

"Ndizi za Tukuyu?"

"Ndizi ni ndizi."

"Miaka karibu hamsini unakula kwangu, leo ndizi ni ndizi."

Akasema na chupa hawatanipitisha nayo, ameona kwenye televisheni watu wananyang'anywa hata maji. Nikamuuliza yeye alipanda ndege lini. Akaangalia mlima. Hajawahi kupanda hata siku moja. Mimi pia nilikuwa sijapanda, lakini sikuona sababu ya kulitaja hilo.

Pamoja na ubishi wake alichinja mbuzi, dume mnene tuliyekuwa tunamtunza kwa ajili ya Krismasi. Hakuuliza, alimshika tu akamchinja, goti na yote. Alfajiri ya safari nilikata mkungu wa mshare, ndizi zenyewe za mtori, nikazimenya kwa maji mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Nikapika na ile nyama ya kidari mpaka mfupa ukatoka wenyewe. Nikaponda kwa mwiko, nikatia mafuta, nikakoroga mpaka ukawa laini kama uji wa mtoto. Mzee aliomba aonje. Nikampa. Akala bakuli zima, akasema ameonja. Nikajaza chupa, nikakaza kifuniko, nikaifunga kwenye kanga mbili. Mwiko nikautia kwenye sanduku, si kwa sababu alisema yeye, bali kwa sababu siendi mahali bila mwiko.

Pale KIA chupa ilipita. Kijana wa ukaguzi aliifungua, akanusa, akafumba macho. Akaniuliza natoka wapi, nikasema Kibosho, akasema yeye kwao ni Rombo. Akaniuliza ni wa mzazi? Nikasema ni wa mzazi. Akakaza kifuniko mwenyewe akanirudishia kwa mikono miwili. Nikajisemea, mume wangu na televisheni yake.

Dar es Salaam ikawa habari nyingine. Kwanza nilikaa. Nilikaa kwenye kile kiti cha chuma mpaka nikajua viatu vya watu wote. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba saa mbili na nusu ni muda wa ndege, si muda wa mtu. Ndege yenyewe inakwenda haraka, lakini wewe unasubiri kabla yake, unasubiri baada yake, unavua mkanda, unavaa mkanda. Huyo wa tiketi hakunidanganya. Alinipa urefu wa daraja, mimi nikadhani ni urefu wa njia.

Nilipofika kwenye ukaguzi wa ndege za nje, mama mmoja mwenye sare akainua chupa yangu. Alikuwa mtu mzima, ana ushungi, mpole. Akaniambia, "Mama yangu, samahani, hii haipiti. Ni kitu cha majimaji."

Nikamwambia si maji, ni ndizi. Akasema imekuwa maji. Nikamwambia ageuze chupa aone kama itamwagika upesi. Akasema haigeuzi, sheria ni sheria, hata ingekuwa asali ya mfalme. Nikamweleza habari yote. Binti, kupasuliwa, ukuta. Alinisikiliza, watu nyuma yangu wanahema. Akasema, "Mwanangu na yeye kajifungua mwezi uliopita. Najua. Lakini haipiti. Ningekuwa na namna ningekuambia."

Pembeni yake kulikuwa na pipa la takataka, limejaa chupa za maji na sabuni za watu. Nikaliangalia lile pipa. Nikaangalia chupa yangu. Nikamwambia humo hautaingia. Akasema basi nirudi nje nifanye ninavyotaka, lakini niwahi.

Nikarudi nje. Kuna vijana wanaofunga masanduku kwa plastiki pale, wawili, wamekaa hawana kazi. Nikawauliza wamekula. Wakasema bado. Nikafungua chupa, moshi ukatoka. Nikawamiminia kwenye kifuniko na kwenye vikombe vyao vya chai. Wakanywa, wanaangaliana. Akaja na mama mmoja mfagiaji, nikampa. Chupa ikaanza kuwa nyepesi.

Kijana mmoja akasema, "Bibi, mtamu sana. Pilipili hakuna?"

"Mzazi hali pilipili."

"Mimi si mzazi, bibi."

"Leo ni mzazi. Maliza."

Akamaliza, akaomba tena. Ukweli nilitaka kulia, lakini huwezi kulia mbele ya watu wanaokula chakula chako kwa furaha namna ile. Nikakung'uta chupa, nikaikaza, nikarudi kwenye foleni na chupa tupu. Yule mama wa ushungi akanipitisha, akanishika bega.

Ndege ikapaa mchana umeshapinda. Nilikaa dirishani. Niliangalia chini nitafute barabara ya mume wangu, nikaona mawingu. Nikaanza kutaja majina kwa sauti ya chini. Nilipofika Makambako wakaleta mkate na chai. Nilipofika Tunduma nikakumbuka kuku wa mtaa. Nilipofika Mpika wakasema tufunge mikanda, tunatua, na turudishe saa nyuma saa moja. Miaka ya ujana wa mtu, magurudumu yaliyopasuka, malaria alizougulia kwenye kibanda cha lori, vyote vimepita chini yangu na chai yangu haijapoa. Sikujua nicheke au nikasirike.

Lusaka mkwe wangu alinipokea, akasema shikamoo mama, akabeba sanduku. Jua lilikuwa linazama. Njiani akaniambia binti hajala tangu asubuhi. Alikataa uji, alikataa supu. Alisema anasubiri.

Mimi ndiye niliyemwambia asubiri.

Nikaingia chumbani. Alikuwa amelala ubavu, amekwisha mashavu. Kando ya kitanda amekaa mama mkwe wake, mama mnene mtulivu, amempakata mtoto, na kwenye kiti kuna bakuli la uji wa karanga umefunikwa. Binti akageuka. Akaangalia kanga mbili kwapani mwangu.

"Mtori uko wapi, mama?"

Nikafungua kanga, nikatoa chupa, nikaifungua nikaigeuza juu chini. Nikamwambia, "Umeliwa Dar es Salaam."

"Na nani?"

"Na wafunga masanduku. Mmoja aliomba pilipili."

Aliniangalia. Mdomo ukaanza kutikisika, nikajua analia. Kumbe anacheka. Alicheka akiwa ameshika mshono wake kwa mikono miwili, machozi yanatoka, anasema, "Mama, usinichekeshe, nitapasuka, mama." Mama mkwe wake aliogopa akasimama, akadhani ameshikwa na kitu. Mkwe wangu akamtafsiria mama yake habari ya chupa, na yule mama akakaa chini tena taratibu, akaanza kutikisika mabega na yeye.

Kicheko kilipokwisha binti akasema ana njaa. Mama mkwe wake alifunua lile bakuli, akaenda kuupasha uji moto upya, akampa. Akala nusu. Uji wa karanga. Nilisimama pale na chupa yangu tupu namwangalia mwanangu analishwa kwa mkono wa mwanamke mwingine, na nitasema wazi iliniuma. Lakini koo lilikuwa linapanda na kushuka, anameza. Nikavua viatu nikakaa.

Asubuhi nilimwonyesha yule mama mwiko wangu. Yeye Kiswahili hana, mimi lugha yake sina, lakini nyama kwao ni nyama, moto ni moto, mafuta ni mafuta, na kuni wanazitamka kama zimekwama puani kidogo. Maneno ya jikoni yote yalikuwepo. Nikamwonyesha kwa vidole umbo la ndizi, nikamwonyesha kumenya. Akanishika mkono tukaenda sokoni.

Alinipitisha kwenye nyanya, kwenye samaki wakavu, kwenye majani nisiyoyajua, mpaka nyuma ya soko ambako malori yanashusha. Na pale, juu ya turubai, ndizi mbichi, mikungu kwa mikungu. Si mshare. Nilizigusa, nikavunja ncha moja nikaangalia utomvu. Zilikuwa ndizi za kupika kabisa. Muuzaji aliponisikia nanung'unika peke yangu akanijibu kwa Kiswahili.

"Za Tukuyu hizo, mama. Zimevuka Tunduma juzi. Karibu."

Nikamwambia najua zilikopita, zimepita Nakonde na Mpika. Akasema, kumbe mama unaijua barabara. Nikasema naijua sana. Sikumwambia kwamba naijua kutoka jikoni.

Tulipika nje, kwenye jiko lao la mkaa. Nyama ya ng'ombe, kidari, maana mbuzi wangu alikuwa ameshaishia kwa wafunga masanduku. Nilipoanza kuponda, mama mkwe akanyoosha mkono akauchukua mwiko. Wale watu wamezaliwa wakisonga ugali mgumu. Mikono yake ilipiga ule mtori mpaka sufuria likasogea. Nilitaka kumwambia taratibu, nikaona umelainika kuliko ninavyoulainisha mimi siku hizi. Nikamwachia.

Binti alikula bakuli zima. Akaniambia si wa nyumbani. Nikamwambia najua. Akaomba tena.

Nikatoka nje nikampigia mzee. Nilijiandaa kwa masimango, kwa sababu angekuwa ni mimi ningemsimanga mpaka Pasaka.

"Ndizi nimezikuta," nikasema.

"Za Tukuyu?"

"Za Tukuyu."

"Amekula?"

"Amekula. Ameomba tena."

Nikasikia anapenga kamasi. Halafu akasema salio la simu linaisha, akakata. Aliyepiga nilikuwa mimi.

Maziwa hayakutoka siku hiyo wala iliyofuata, mtoto tukamshikiza kwa maziwa ya kopo. Tuliendelea kupika, siku moja mtori, siku moja uji wa karanga, yule mama na mimi tunapokezana kama wanawake wa ukoo mmoja. Tulimkataza kushika ufagio, tulimkataza kufua hata kitambaa cha mtoto. Tulipomaliza wiki mtoto alinyonya akalala bila kulia, na titi likaendelea kudondosha peke yake kwenye nguo. Binti akaniita nione. Mama mkwe akaja na yeye, tukasimama watatu tunaangalia doa kwenye nguo kama watu wanaoangalia mvua ya kwanza.

Nilikaa mpaka alipotoka nje. Alitoka na uso unaong'aa, amevaa kitenge kipya, amenenepa mpaka viatu vinambana, na majirani wa Lusaka walikuja kumpongeza bila kujua kwamba hiyo ndiyo desturi yetu. Nilipoona anapanda ngazi zake mwenyewe na mtoto mgongoni, anaimba, nikasema sasa naweza kurudi.

Mkwe akataka kunikatia ndege. Nikamwambia hapana, nipeleke stendi ya mabasi. Binti akasema mama umerukwa na akili, ni siku na usiku na siku, na miguu yako. Nikamwambia saa mbili na nusu nimeshaiona. Nataka niione ile nyingine.

Basi ndiyo nikarudi kwa barabara, na kila mji nilimpigia simu mzee. Nilimwambia nipo Kapiri Mposhi. Akasema upande wa kushoto kuna mama anauza mihogo ya kuchoma. Nikamwambia upande wa kushoto kuna kituo cha mafuta. Akasema basi amekufa, Mungu amrehemu. Nilimwambia nipo Mpika. Akasema mbele hapo kuna mteremko, dereva akiwa mtoto mtasikia harufu ya breki. Tukasikia harufu ya breki. Miti ilikuwa kama alivyosema, miti, miti, miti, mpaka nikachoka kwa niaba yake. Tunduma foleni ya malori ilikuwepo, na kuku walikuwepo, nikamwambia, akauliza wana rangi gani. Kitonga nilisali. Nilipofika Moshi miguu imevimba kama vinu, nikamkuta mume wangu stendi, ameshuka kutoka Kibosho na goti lile, amevaa shati safi.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona. Ni mbali."

"Nilikuambia."

"Uliniambia."

Akachukua sanduku langu, nikalirudisha mkononi mwangu, akalichukua tena. Tukapanda nyumbani.

Binti amerudi kazini. Hupiga simu Jumapili baada ya misa, na mama mkwe wake huwa anasalimia kwa nyuma, "Mama, mtori." Sasa ninavyo hivi. Nyumba ya matofali, vyumba vinne, bati la rangi ya kahawia, Kibosho. Migomba nyuma ya nyumba, mshare ndiyo mingi. Kahawa kidogo. Shamba la mahindi huko tambarare, nimenunua mwenyewe. Ng'ombe wawili wa maziwa na mtamba mmoja. Mbuzi wanne, dume hakuna. Kibanda cha ndizi Kiboriloni. Pikapu moja, anaendesha mwanangu wa pili. Pasi ya kusafiria yenye mihuri. Mume mmoja. Watoto wanne, wote hai. Wajukuu saba, na wa saba yuko Lusaka, ana meno manne.